Zima Injini Gari Likisimama: Somo la Kuokoa Mafuta kwa Madereva wa Eldoret

Kuanzia saa kumi na moja jioni, magari yanayotoka katikati ya jiji la Eldoret kuelekea Langas, Huruma, Maili Nne na Kapsoya hukutana kwenye barabara chache zile zile. Barabara ya Uganda hujaa matatu, bodaboda, magari ya kibinafsi na malori. Barabara ya Nandi, inayopita karibu na Hospitali ya Rufaa ya Moi, huwa na foleni yake. Dereva husogea hatua chache, husimama, kisha husogea tena. Muda wote huo injini inanguruma. Gari halijaenda popote, lakini mafuta yametumika.

Somo hili linaeleza mafuta hayo ni kiasi gani, ni wakati gani inafaa kuzima injini, na ni wakati gani kuizima kunaleta hatari kubwa kuliko faida.

Lita moja imetoka mbali

Mafuta yanayouzwa Eldoret hushushwa melini Mombasa, kisha husukumwa kwa bomba la Kampuni ya Kenya Pipeline kupitia Nairobi na Nakuru hadi bohari ya Eldoret. Kwa barabara, huo ni umbali wa karibu kilomita 800. Bomba lilifikishwa magharibi mwa nchi mwaka 1994, na tangu hapo Eldoret imekuwa kituo kikubwa cha kupakia mafuta ya eneo hili na ya nchi jirani.

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu zaidi zinazoruhusiwa hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Eldoret hutajwa kwa bei yake, ambayo huwa juu kuliko ya Mombasa kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Ndani ya bei hiyo pia kuna kodi na ada. Ada ya kukarabati barabara peke yake ilipanda kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita mwezi Julai 2024.

Dereva hana uwezo wa kupunguza bei hiyo. Anachoweza kupunguza ni idadi ya lita anazochoma bila kusafiri.

Gari lililosimama linatumia kiasi gani?

Injini inayozunguka gari likiwa limesimama huhitaji mafuta ya kujizungusha yenyewe. Pia huzungusha pampu ya maji, altaneta inayochaji betri na, kiyoyozi kikiwashwa, kompresa yake. Kazi yote hiyo hailipi hata mita moja ya safari.

Magari mengi yanayoendeshwa Eldoret yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, hivyo kipimo cha Wajapani kinafaa hapa. Mafunzo ya udereva wa kuokoa mafuta nchini humo hutumia kadirio hili: gari la petroli lenye injini ya sisi 2000, likinguruma dakika 10 bila kiyoyozi, hutumia takriban mililita 130. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai. Nchini Kanada, wizara inayosimamia maliasili hukadiria kwamba injini ya lita 3 hutumia takriban mililita 300 kwa muda huo huo. Injini ikiwa kubwa au kiyoyozi kikiwashwa, matumizi yanaongezeka.

Nusu kikombe huonekana kidogo. Ndiyo maana madereva wengi hawakihesabu. Kihesabiwe kwa mwezi.

Hesabu ya gari dogo

Chukulia gari la kibinafsi ambalo kwa jumla husimama kwenye foleni dakika 30 kila siku, asubuhi na jioni zikijumlishwa, siku 26 kwa mwezi. Kwa kipimo cha Japani litatumia mililita 390 kwa siku, yaani karibu lita 10 kwa mwezi. Bei ya petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hizo ni takriban shilingi 1,800.

Haiwezekani kuokoa zote. Baadhi ya misimamo ni ya sekunde chache, na hapo hakuna haja ya kuzima. Lakini ikiwa nusu ya muda huo ni misimamo mirefu, dereva anayezima injini ataokoa karibu lita 5 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 900 kwa mwezi, na zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwaka.

Hesabu ya matatu

Kwa matatu, upotevu mkubwa hauko kwenye foleni. Uko kwenye steji. Gari huwashwa likingoja abiria, na mara nyingine husogezwa mbele na nyuma ili abiria waamini kwamba linaondoka sasa hivi. Ikiwa gari linanguruma dakika 20 kabla ya kila safari, na lina safari sita kwa siku, hizo ni saa mbili nzima. Tukikadiria lita moja ya dizeli kwa saa, na bei ya shilingi 170, dereva anachoma shilingi 340 kila siku kabla gari halijatoka kwenye steji. Kwa siku 26 ni shilingi 8,840.

Fedha hizo ni za nani? Katika matatu nyingi, mwenye gari hupokea hesabu yake ya siku ikiwa kamili. Mafuta hutolewa kwenye mapato, na kinachobaki ndicho malipo ya dereva na kondakta. Kwa hiyo kila lita inayochomwa kwenye steji hutoka mfukoni mwao. Abiria aliyekaa ndani ya gari lililozimwa hajapungukiwa na kitu. Kinachomfanya apande ni kuona viti vikijaa na kusikia nauli ikitajwa.

Je, kuwasha tena hakuli mafuta zaidi?

Hili ndilo swali linalowazuia wengi. Imani kwamba kuwasha gari hula mafuta mengi ina asili yake. Magari ya zamani yalitumia kabureta, na kuyawasha yakiwa baridi kulihitaji kuvuta choki na kukanyaga mafuta mara kadhaa. Sehemu ya mafuta hayo ilipotea bila kuungua.

Magari ya miaka ya karibuni hupuliza mafuta kwa kipimo kinachoongozwa na kompyuta. Injini ambayo tayari ina joto huwaka kwa mafuta kidogo sana. Maabara ya Taifa ya Argonne, nchini Marekani, ililipima jambo hili na kuonyesha kwamba kunguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hutumia mafuta mengi kuliko kuzima na kuwasha tena.

Hata hivyo, sekunde 10 ni kipimo cha mafuta peke yake. Starta na betri pia huchakaa, na magari mengi ya hapa si mapya. Kwa sababu hiyo, Kanada huwashauri madereva wake kuzima ikiwa msimamo utazidi sekunde 60. Kwa hali ya Eldoret, hiyo ndiyo kanuni inayofaa: dakika moja. Msimamo unaotarajiwa kuwa chini ya dakika moja, acha injini. Unaotarajiwa kuzidi dakika moja, zima.

Starta, betri na kitufe cha herufi A

Kanuni ya dakika moja inahitaji gari linalowaka kwa mara ya kwanza. Ikiwa betri ni dhaifu, au starta hujivuta kabla ya injini kushika, tatizo hilo lirekebishwe kwa fundi kwanza. Gari likikataa kuwaka katikati ya Barabara ya Uganda, foleni nzima nyuma yake itaendelea kuchoma mafuta, na faida yote itapotea.

Baadhi ya magari madogo kutoka Japani yana mfumo wa kujizima yenyewe yakisimama na kujiwasha dereva anapoachilia breki. Kitufe chake huwa na herufi A iliyozungukwa na mshale. Madereva wengi hubonyeza kitufe hicho kuuzima mfumo kila asubuhi, wakidhani ni hitilafu. Si hitilafu. Jambo la kuangalia ni betri. Mfumo huo hutumia betri maalumu inayostahimili kuwashwa mara nyingi, na bei yake iko juu kuliko ya betri ya kawaida. Gari likiwekewa betri ya kawaida, mfumo unaweza kuacha kufanya kazi au betri kuharibika mapema. Mwenye gari amuulize fundi ni betri ya aina gani iliyomo.

Asubuhi ya baridi

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai na Agosti huwa na baridi kali. Ni kawaida kuona gari likiachwa linanguruma uani dakika 10 au 15 "lipate moto" huku mwenyewe akinywa chai.

Kwa gari lenye mfumo wa kisasa wa mafuta, sekunde 30 zinatosha ili oili ifike sehemu za juu za injini. Baada ya hapo, liendeshwe polepole bila kukanyagwa sana mpaka lifikie joto lake. Injini hupata joto haraka zaidi gari likitembea kuliko likisimama. Kwa dizeli, dereva angoje taa ya hita kwenye dashibodi izime kabla ya kuwasha, kisha afuate utaratibu huo huo.

Gari lisiwashwe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua kwa muda mfupi.

Hatua za kufuata kwenye foleni

1. Angalia mbele. Askari wa trafiki akisimamisha upande wenu na kuachilia upande mwingine, au foleni ikiwa imekwama kabisa, msimamo utazidi dakika moja.
2. Vuta breki ya mkono. Weka gia huru, au P kwa gari la kujibadili gia.
3. Zima kiyoyozi na vifaa vinavyokula umeme mwingi.
4. Zima injini. Usichomoe ufunguo, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.
5. Ikiwa ni usiku, acha taa ndogo na za nyuma zikiwaka ili gari lionekane. Punguza idadi ya mara unazozima, maana taa hunyonya betri.
6. Tazama gari la tatu au la nne mbele yako, si lile lililo karibu. Likianza kusogea, washa. Hapo utakuwa tayari kabla ya aliye nyuma kupiga honi.

Kwa mhudumu wa bodaboda kazi ni rahisi zaidi, kwani pikipiki huwaka mara moja. Anayengoja abiria kivulini au amekwama kwenye makutano hana sababu ya kuacha pikipiki ikinguruma.

Wakati ambapo injini isizimwe

Kuna hali ambazo kuzima injini ni kosa.

Ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni gari linalotembea. Baadhi ya madereva huzima injini au huweka gia huru kwenye mteremko ili gari lishuke bila kutumia mafuta. Katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, eneo la Salgaa lilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na tabia hii imetajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sababu zake. Waendeshaji wa bodaboda nao hufanya vivyo hivyo kwenye miteremko.

Sababu za hatari ni hizi. Breki za gari dogo husaidiwa na nguvu inayotokana na injini. Injini ikizimwa, kanyagio huwa na msaada kwa mara chache tu, kisha huwa gumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito. Breki za lori hutegemea upepo unaojazwa na kompresa inayoendeshwa na injini. Zaidi ya hayo, gari likitolewa gia, injini haisaidii tena kulizuia, na mzigo wote unabaki kwa breki zinazopata moto na kushindwa kushika.

Wala hakuna akiba ya maana. Gari la kisasa likishuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye kanyagio la mafuta, kompyuta yake hukata mafuta. Likiwekwa gia huru, injini hulazimika kupewa mafuta ili isizimike. Anayetoa gia mteremkoni hutumia mafuta zaidi, na anaweka maisha ya watu hatarini kwa hasara.

Hali nyingine ni hizi:

- Foleni inayosogea kila baada ya sekunde chache.
- Gari lililosimama mahali ambapo magari mengine hupita kwa kasi karibu nalo, na dereva huenda akahitaji kuondoka ghafla.
- Kwenye kivuko cha reli. Gari lisisimame hapo kabisa.
- Gari la dizeli lenye turbo lililotoka kupanda mlima au kuvuta mzigo mzito, kwa mfano lori lililopanda hadi Timboroa. Liachwe lingurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe, kisha lizimwe.
- Gari la wagonjwa, zimamoto au lolote lililo kazini na linahitaji umeme wa injini.

Foleni ambazo haziko barabarani

Mahali rahisi zaidi pa kuokoa mafuta ni pale ambapo kila mtu anajua kwamba kungoja kutachukua muda mrefu.

Msimu wa mavuno ya mahindi, malori, pikapu na trakta hupanga foleni kwenye mabohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, kama yale ya Eldoret, Ziwa, Moi's Bridge na Burnt Forest. Msimu wa kupanda, foleni kama hizo hurudi kwa ajili ya mbolea. Mkulima aliyekodi lori hulipia mafuta hayo ndani ya nauli ya mzigo. Wenye magari wakikubaliana kuzima na kusogea kwa pamoja, magari matano au sita kwa wakati mmoja badala ya kila gari kusogea hatua mbili, akiba itakuwa ya wote.

Trela linalonguruma bila kutembea hutumia takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Dereva akilala ndani ya gari usiku kucha injini ikiwa inazunguka, saa nane humaliza lita 24. Kwa shilingi 170, hizo ni shilingi 4,080. Malori ya safari ndefu yasiyo na shughuli jijini pia yanaweza kuepuka foleni za katikati kwa kutumia barabara ya mchepuko kati ya Cheplaskei na Leseru.

Lango la shule ni mahali pengine. Mzazi aliyefika mapema na basi la shule linalongoja wanafunzi wanaweza kuzima. Hapo faida si ya mfuko tu.

Moshi na wanaouvuta

Kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7. Mbali na hiyo, moshi una chembechembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Dereva anayepita huuvuta kwa dakika chache. Mama anayeuza matunda kando ya steji, mchuuzi, kondakta na askari wa trafiki huuvuta kutwa. Tangu Agosti 15, 2024, Eldoret ilipopewa hadhi ya kuwa jiji la tano nchini, watu na magari yanayokutana katikati yake hawatarajiwi kupungua. Ndiyo maana dakika zinazookolewa na dereva mmoja mmoja zina uzito.

Jipime mwenyewe

Asiyeamini hesabu za hapa anaweza kuzipima kwa gari lake katika wiki mbili.

Wiki ya kwanza, jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, na uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida. Baada ya siku saba, rudi kituo kile kile, jaza tena mpaka pampu ijikate, na uandike lita zilizoingia na kilomita zilizotembewa. Gawanya kilomita kwa lita.

Wiki ya pili, fanya vivyo hivyo kwa njia zile zile, ila ufuate kanuni ya dakika moja. Hakikisha tairi zina upepo sawa na wa wiki ya kwanza, ili kisipimwe kitu kingine.

Mfano: gari lililotembea kilomita 280 kwa lita 28 lilikwenda kilomita 10 kwa lita. Likitembea kilomita zile zile kwa lita 26.8, limeokoa lita 1.2, ambazo kwa bei ya shilingi 180 ni shilingi 216 kwa wiki. Wenye matatu wapime kwa siku badala ya wiki, na kondakta ndiye aandike dakika za kungoja kwenye steji.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: limesimama na litakaa zaidi ya dakika moja, zima, linatembea, hata mteremkoni, usizime.